Kabla ya Kuliamini Jibu la Simu: Mwongozo kwa Wahudumu wa Afya

Panda matatu ya Wangige pale Westlands, ufuate Barabara ya Lower Kabete, na kabla hujatulia vizuri kitini utakuwa umefika Kitisuru. Ni mtaa wa miti mirefu, kuta za mawe na mageti yenye walinzi. Lakini wadi hiyohiyo ya Kitisuru ina Kibagare, kijiji cha mabati ambako chumba kimoja hulaza familia nzima. Mama wa ndani ya geti na mama wa Kibagare huenda wasikutane maishani. Uchungu ukiwashika, hata hivyo, kila mmoja wao yuko mikononi mwa mkunga, na uhai wake unategemea jambo lilelile. Je, anachokijua mkunga huyu ndicho kinachofaa leo, au ni kile alichofundishwa miaka 15 iliyopita na hakuna aliyemwambia kwamba kimebadilika?

Makala haya ni ya mkunga huyo, pamoja na muuguzi, tabibu, mfamasia na mhamasishaji wa afya ya jamii, na zaidi ya wote ni ya msimamizi wao wa kituo, ambaye ndiye anayeweza kuwapa muda wa kujifunza.

Chombo cha kutafutia majibu si shida kubwa tena kama zamani. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchi nzima, na ndani ya mkoba wa kazi, pamoja na kipimo cha presha na cha sukari, mlikuwa na simu. Wauguzi na matabibu nao wana simu zao, na bando hununuliwa hata saa nane za usiku. Lakini tumewapa watu simu bila kuwafundisha kuuliza, wala kulipima jibu wanalopewa. Mtu anaandika swali la mgonjwa mahututi vilevile anavyotafuta nyumba ya kupanga, na linalotokea juu kabisa huenda ni tangazo la mtu anayeuza dawa.

Somo la dripu

Kuanzia 2009 hadi 2011, watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome huko Kilifi waliendesha jaribio lililoitwa FEAST katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Walikuwa wanauliza jambo ambalo kila mtu alidhani analijua. Mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu baridi, moyo unakwenda mbio, vitabu vilifundisha atiwe maji mengi ya dripu kwa haraka ili damu irudi kuzunguka. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura. Wa kundi la kwanza walitiwa maji ya chumvi kwa haraka, wa pili maji yenye albumini kwa haraka, na wa tatu hawakutiwa dripu ya haraka bali maji ya kiasi cha kuwakimu tu.

Saa 48 baadaye, katika makundi mawili ya dripu ya haraka walikuwa wamekufa asilimia 10.5 na 10.6 ya watoto. Katika kundi la tatu walikufa asilimia 7.3. Yaani katika kila watoto 100 waliotiwa maji kwa haraka, kama 3 walikufa ambao pengine wangepona. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake, na matokeo yakachapishwa Mei 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine.

Fikiria muuguzi aliyehitimu 2008 na tangu hapo hajafungua kitabu. Anaendelea kuitundika chupa ile na kuifungulia ikimbie, kwa moyo safi kabisa, akiamini anaokoa. Hana hatia ya nia mbaya. Hakufikiwa na habari, basi.

Lakini usiishie kwenye kichwa cha habari. FEAST haikuwaingiza watoto wanaoharisha na kutapika, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kujeruhiwa. Mtu akisoma kichwa tu, akaondoka na neno kwamba dripu inaua, atamnyima maji mtoto anayekauka kwa kuharisha. Ndiyo sababu kutafuta na kupima ni ujuzi mmoja usiogawanyika. Ukimfundisha mtu kutafuta bila kumfundisha kuangalia nani walikuwemo katika utafiti na nani waliachwa nje, umempa kisu bila mpini.

Andika swali kabla ya kushika simu

Nashauri kila anayefundisha jambo hili aanze na kalamu na karatasi. Simu zilale mezani kwanza.

Tuseme mkunga anauliza hivi: tufanye nini mama akivuja damu nyingi baada ya kujifungua? Swali hilo ni kubwa kama soko la Gikomba. Ukiingia bila kujua unatafuta nini utazunguka mchana kutwa, na utatoka na usichokihitaji. Livunje mara nne. Mgonjwa ni nani? Unataka kumfanyia nini? Badala ya kufanya nini? Na ni matokeo gani mnayoyajali wewe na mgonjwa wako?

Ukifanya hivyo swali linageuka kuwa hili: kwa mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida, je, kuipima damu kwa chombo chenye alama, badala ya kuikadiria kwa macho, na kumtibu mara moja, kunapunguza kuvuja kwa hatari na vifo? Sasa una swali lenye mlango, na maneno ya kutafutia yako ndani yake tayari.

Hatua hii inaonekana ndogo, na wengi huiruka. Ndiyo inayookoa muda kuliko nyingine zote. Mhudumu mwenye wagonjwa 40 kwenye benchi hana saa mbili za kuzunguka mtandaoni. Ana dakika 10.

Pa kuanzia ni nyumbani

Usikimbilie makala za utafiti kwanza. Anza na mwongozo wa Wizara ya Afya, kwa sababu waliouandika wamekwisha kuusoma utafiti, wakaulinganisha na dawa tulizo nazo na vituo tulivyo navyo. Kwa watoto, kwa mfano, kuna kijitabu cha Basic Paediatric Protocols ambacho wahudumu wengi wa Kenya wamewahi kukitia katika mfuko wa koti. Angalia mwaka ulioandikwa jaladani. Kuna toleo la 2016 na kuna la 2022, na si ajabu kukuta la zamani bado linasomwa kwa sababu tu ndilo lililobandikwa ukutani. Mwongozo mpya ukipatikana, ule wa zamani ubanduliwe. Ukiachwa ukutani kando ya mpya, atakayeingia zamu ya usiku atafuata ulio karibu na jicho lake.

Usipopata jibu kwenye mwongozo wa nchi, nenda kwenye tovuti ya Shirika la Afya Duniani (WHO), kisha kwenye maktaba ya Cochrane. Cochrane ni mtandao wa watafiti ulioanzishwa 1993, ukapewa jina la Archie Cochrane, daktari wa Uskoti aliyesisitiza kwamba tiba zipimwe kwa majaribio ya haki. Kazi yao ni kukusanya majaribio yote yaliyofanywa juu ya swali moja, kuyapima ubora, na kueleza yote kwa pamoja yanasema nini. Kazi hiyo huitwa mapitio ya kimfumo. Jaribio moja ni shahidi mmoja, na mapitio ni baraza lililowasikiliza mashahidi wote. Mapitio ya Cochrane huwa wazi kwa yeyote baada ya mwaka mmoja tangu kuchapishwa, na muhtasari wake wa lugha nyepesi hausomwi kwa malipo.

Baada ya hapo ndipo ufungue PubMed, hifadhidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyofunguliwa 1996 na ambayo leo ina kumbukumbu za makala zaidi ya milioni 37. Ni bure. Imejengwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yako yatakuwa ya Kiingereza. Kwa swali letu la damu, andika postpartum haemorrhage AND drape. Neno AND, kwa herufi kubwa, linaiamuru itafute makala zenye maneno yote mawili. OR hupanua, inakuletea zenye hili au lile. NOT hukata, na hukata vibaya kama huna uangalifu, kwa hiyo itumie kwa nadra. Kumbuka pia kwamba sisi tumefundishwa tahajia ya Uingereza ilhali hifadhidata nyingi zinafuata ya Marekani. PubMed kwa kawaida huzielewa zote mbili, lakini kwingineko jaribu zote kabla ya kusema hakuna kitu. Kisha chuja, ubakishe mapitio ya kimfumo na majaribio yaliyogawa watu kwa kura, ya miaka ya karibuni.

Miongoni mwa utakayoyakuta ni jaribio la E-MOTIVE la 2023. Chini ya mama hutandikwa plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya vipimo. Damu inaingia humo, na mkunga anasoma mililita badala ya kukisia kwa kuangalia shuka. Kiwango kikifika pa hatari, mambo yanafanywa kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe ndipo lifuate jingine. Mkunga anakanda tumbo la uzazi, anatoa dawa za kulikaza na asidi ya traneksamiki, anatia dripu, anachunguza damu inatoka wapi na anaita msaada. Utafiti ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukahusisha wanawake zaidi ya 200,000. Kuvuja lita moja au zaidi, au kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufa kwa sababu hiyo, kuliwapata asilimia 1.6 katika hospitali zilizotumia njia hiyo, na asilimia 4.3 katika zile zilizoendelea na mazoea. Kabla mwaka huo haujaisha, WHO ilikuwa imetoa mapendekezo kuhusu njia hiyo.

Ukisoma kwa makini utaona pia kwamba zilikuwa hospitali kubwa, zenye uzazi kuanzia 1,000 kwa mwaka. Zahanati yako ina dawa zote hizo kwenye kabati? Ina mtu wa kuitwa usiku? Hayo hayataandikwa kwenye makala. Utayajibu wewe na wenzako.

Wakati mwingine utaifikia makala unayoitaka ukakuta inadai dola. Usikate tamaa, na usiishie kwenye ikisiri ya juu, kwa sababu ikisiri mara nyingi hutaja ushindi na kuacha masharti. Jaribu kwanza PubMed Central, ambako mamilioni ya makala ni wazi kamili. Kisha uliza kama taasisi yako imeandikishwa Hinari, mpango ulioanzishwa na WHO pamoja na wachapishaji mwaka 2002 ili nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Anayeandikishwa ni taasisi, si mtu binafsi. Nenosiri hukaa kwa mkutubi au kwa msimamizi, na mara nyingine mtu mmoja tu ndiye anayelijua, naye akihamishwa linapotea pamoja naye. Liulizie leo. Wakutubi wa afya wa Afrika wana chama chao, AHILA, chenye tawi Kenya, na mkutubi wa chuo cha tiba ni mwalimu ambaye wahudumu wengi wanapita mlangoni mwake bila kubisha.

Ushahidi una tarehe, na una anwani

Itazame nembo ya Cochrane. Ndani ya duara kuna mistari mifupi ya mlalo na alama ndogo ya almasi chini. Ule si urembo. Kila mstari ni jaribio moja la kumpa mama anayetarajiwa kujifungua kabla ya wakati dawa ya kotikosteroidi, ili mapafu ya mtoto yakomae. Jaribio la kwanza, lililofanyika New Zealand, lilichapishwa mwaka 1972. Mengine yalifuata, lakini kwa kuwa hakuna aliyeyakusanya mahali pamoja kwa miaka mingi, madaktari wengi hawakujua kwamba dawa hiyo inaokoa, na watoto waliendelea kufa wakati jibu lilikuwa limelala kwenye rafu.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa rahisi kuifundisha. Watu waliuliza swali la maana: majaribio hayo mengi yalifanywa kwenye nchi tajiri, je, ukiipeleka dawa hii vijijini kwetu itafanya kazi ileile? Jaribio la ACT, lililochapishwa katika jarida la Lancet 2015, liliipeleka katika maeneo ya nchi 6, Kenya na Zambia zikiwemo. Vifo vya watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana havikupungua, na ukihesabu watoto wote, vifo viliongezeka. Wengi waliopewa dawa hawakuwa hata na watoto wa kabla ya wakati, kwa sababu umri wa mimba haukujulikana vizuri.

WHO haikutupa dawa, wala haikung'ang'ania. Ilifanya jaribio jingine, ACTION-I, katika hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, ambako umri wa mimba ulipimwa vizuri na watoto walipata uangalizi unaostahili. Matokeo yalichapishwa 2020. Vifo vya watoto wachanga vilikuwa asilimia 19.6 kwa waliopewa dawa na asilimia 23.5 kwa wasiopewa. Dawa ile ile, mahali pamoja inaokoa na pengine inadhuru, kutegemea nani anapewa, wapi, na nini kinapatikana kando yake. Mhudumu aliyesoma makala ya 1972 peke yake, au ya 2015 peke yake, angekosea kwa ujasiri.

Kwa hiyo mbele ya kila makala uliza mambo mawili kabla ya mengine: ni ya lini, na ni ya wapi.

Makala yenye sura ya kisayansi

Hapa ndipo wanafunzi hukwama, na hapa ningetumia muda mwingi kuliko mahali pengine pote darasani.

Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki Kenya walidai hadharani kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake wa umri wa kuzaa ilikuwa imetiwa homoni ili kuwazuia wasishike mimba. Wizara ya Afya, WHO na UNICEF walisema chanjo ni salama. Miaka mitatu baadaye ikatokea makala mtandaoni yenye ikisiri, majedwali na marejeo, ikirudia dai lile. Muuguzi akiulizwa na mama kliniki, akatafuta kwenye simu, makala hiyo itamjia. Ina sura yote ya sayansi. Atafanya nini?

Aanze na kipimo. Vipimo vilivyotumika kuidai homoni ile vilikuwa vya kupimia damu na mkojo wa binadamu, na havikutengenezwa kwa ajili ya chanjo, ambayo ina kemikali nyingine zinazoweza kukivuruga kipimo. Afuate chupa. Zilitoka wapi, zilipita mikononi mwa nani, na nani anaweza kuthibitisha kwamba hazikuguswa? Kisha aangalie jarida. Mchapishaji wa jarida lile alikuwa kwenye orodha aliyoitunza Jeffrey Beall, mkutubi wa Marekani, ya wachapishaji wanaotiliwa shaka kwa kuwatoza waandishi ada bila kuzipitia kazi zao kwa ukali. Mwisho atafute mwingine aliyerudia kazi ile akapata jibu hilohilo. Jambo la kweli huonekana na zaidi ya jicho moja.

Kisha amjibu mama kwa heshima. Mama huyo aliyasikia kanisani kwake, kutoka kwa watu anaowaamini. Kumcheka ni kumfukuza, naye akiondoka bila chanjo, anayebeba hatari ya pepopunda ni yeye na mtoto wake mchanga.

Wala usidhani jarida kubwa ni kinga. Mei 22, 2020, Lancet ilichapisha makala iliyosema dawa ya hydroxychloroquine inaongeza vifo vya wagonjwa wa Covid-19, kwa takwimu zilizodaiwa kutoka hospitali mamia duniani. Siku tatu baadaye WHO ilisimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake. Juni 4 makala ikaondolewa, kwa sababu takwimu zile hazikuweza kuthibitishwa. Siku 13 tu! Makala iliyoondolewa huwekewa tangazo la wazi juu yake katika PubMed. Mtu aliyehifadhi nakala ya zamani kwenye simu hataliona, kwa hiyo kabla ya kuitegemea makala, rudi uifungue upya pale ilipochapishwa.

Neno la haraka juu ya programu za akili unde, kwa kuwa wengi sasa wanaziuliza kabla ya kitu kingine chochote. Zinaandika kwa ufasaha, na zinaweza kukutajia makala yenye kichwa, waandishi na mwaka, makala ambayo haijawahi kuandikwa na yeyote. Zinafaa kukusaidia kupata maneno ya kutafutia. Kipimo cha dawa usikichukue humo. Kila makala inayotajwa kwako, itafute kwa kichwa chake katika PubMed. Isipoonekana, iache.

Na popote unapouliza, iwe kwenye programu hizo au kwenye kundi la WhatsApp la wenzako, usitaje jina la mgonjwa, namba yake ya faili wala picha inayomtambulisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na mgonjwa hakuja kwako ili sura yake izunguke Nairobi.

Darasa la nusu saa

Semina ya siku tatu hotelini, yenye chai na vyeti, haibadilishi mazoea peke yake. Mtu anarudi kituoni Jumatatu, foleni imefika mlangoni, na Ijumaa amesahau. Ninachokipendekeza ni kidogo na cha kudumu. Nusu saa kila wiki, siku moja isiyobadilika, na swali moja lililotoka kwa mgonjwa halisi wa wiki hiyo.

Watu wakae wawili wawili kwa simu moja, anayejua zaidi ashike kalamu na anayejua kidogo ashike simu. Dakika 5 za kuliandika swali. Dakika 10 za kutafuta, kuanzia mwongozo wa Wizara. Dakika 10 za kubishana: ni nani walikuwemo, ni lini, ni wapi, tofauti ni kubwa kiasi gani, na je, hapa kwetu inawezekana? Dakika 5 za mwisho za kuandika jibu kwa sentensi mbili kwenye daftari la kituo, pamoja na tarehe na makala jibu lilikotoka. Daftari hilo ndilo litakalomfundisha muuguzi mpya atakayekuja baada yenu.

Lakini jibu lililopatikana si ruhusa ya mtu mmoja kubadilisha tiba kivyake. Lipelekwe kwa daktari msimamizi au kamati ya dawa, lijadiliwe, likikubaliwa lifuatwe na zamu zote. Dawa ikionekana kumdhuru mgonjwa, au ikitiliwa shaka kuwa bandia, taarifa iende Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo hupokea taarifa hizo mtandaoni.

Kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, darasa liwe tofauti. Hawahitaji PubMed. Wanahitaji kuujua mwongozo wao vizuri, na kuweza kupima ujumbe unaowafikia kwenye simu: nani anadai, ametoa wapi, amelinganisha na nini, na anauza nini? Mtu anayesema dawa fulani imemponya shangazi yake hajalinganisha na lolote, kwa sababu hatujui shangazi angekuwaje asingeinywa.

Kuna wanaosema haya ni magumu kwa watu wasio madaktari. Uganda imewajibu. Watafiti wa Makerere, Allen Nsangi na Daniel Semakula wakiwemo, waliwafundisha wanafunzi wa darasa la tano kwa vitabu vya katuni namna ya kupima madai ya tiba. Wanafunzi zaidi ya 10,000 wa shule 120 walishiriki, na shule ziligawanywa kwa kura. Katika matokeo yaliyochapishwa 2017, asilimia 69 ya waliofundishwa walifaulu mtihani, na asilimia 27 ya wasiofundishwa. Baadaye kazi kama hiyo ilifanywa katika shule za sekondari za Kisumu.

Kama mtoto wa miaka 11 anaweza kujifunza kuuliza "ulilinganisha na nini?", muuguzi mwenye diploma anaweza. Anachokosa ni nusu saa ambayo hakuna mgonjwa atakayeitwa jina lake, na msimamizi wa kuilinda nusu saa hiyo.

Basi wewe msimamizi unayesoma haya, iwe kituo chako kiko Kitisuru, Kangemi au Wangige, itenge wiki hii. Mwombe muuguzi wa zamu ya usiku alete swali lililomsumbua usiku wa kuamkia leo, na mlianze daftari kwa hilo.